YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAINI YA PELÉ KWENYE JEZI TULIYOUZIWA MNADANI

Kituo cha Soka cha Vijana,
Nkuhungu, Dodoma.

Meneja,
Kampuni ya Mnada,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Katika mnada wenu wa mwezi uliopita nilinunua, kwa niaba ya kituo chetu, jezi ya njano ya Brazil yenye saini ya Pelé kwa shilingi 1,850,000, fedha zilizochangwa na wazazi, ambao baadhi yao walisubiri hadi wauze zabibu ndipo watimize ahadi. Maelezo yenu, pamoja na cheti kilichoambatana na jezi, yanasema Pelé aliitia saini mwaka 1995.

Tulipoifungua, mtoto mmoja aliisogelea, akahesabu nyota zilizo juu ya nembo, akaniuliza: "Mwalimu, mbona ziko tano?" Nilinyamaza. Kila nyota huwakilisha Kombe la Dunia moja: Brazil ililitwaa mwaka 1958, 1962, 1970 na 1994, na la tano ikalipata mwaka 2002. Mwaka 1995 hapakuwa na jezi ya nyota tano ya kutiwa saini.

Ingekuwa ni mwaka tu uliokosewa, ningevumilia. Lakini nilichukua picha ya mpira mliouza siku hiyohiyo, nao ukiwa na saini ya Pelé, nikaikuza hadi saini zikalingana, kisha nikaiweka juu ya picha ya jezi kwenye kioo cha dirisha: kila mkunjo ulifunika mwenzake, hata nukta ambapo kalamu iliinuliwa. Mkono wa mtu haurudii saini namna hiyo.

Kuhusu cheti, hakimtaji mtaalamu aliyehakiki wala saini aliyoilinganisha nayo. Vyeti navyo hughushiwa. FBI ya Marekani ilibaini hivyo miaka ya 1990 katika operesheni iliyoitwa Bullpen.

Nilipopiga simu nilijibiwa kuwa kilichouzwa mnadani hakirudishwi. Sharti hilo linamfaa mnunuzi aliyebadili nia, siyo aliyekabidhiwa kitu kisichofanana na maelezo yake.

Naomba jina la mtaalamu huyo na vielelezo alivyotumia, au turejeshewe fedha zote ndani ya siku 14. Vinginevyo nitawasilisha suala hili Tume ya Ushindani. Naomba pia aliyenunua ule mpira ajulishwe, kwa kuwa huenda bado anauamini.

Wako katika michezo,

Katibu wa Kituo