Mwambie Mrisho asivunje ukuta kwanza

Swahiba Kassim,

Hujambo, na shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Salamu nyingine tutapeana baadaye, hili lina haraka. Mchoro wa tangi lako la samaki na matumbawe la kuingiza ukutani umenifika, na umesema Mrisho anaanza kuvunja ukuta Jumamosi. Mwambie asubiri. Akinuna, mwambie ni mimi niliyesema. Hata hivyo hanipendi tangu zamani.

Kwa mbele mchoro unapendeza, sina neno. Tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, kioo kisicho na ukijani, fremu ya mbao. Ila juu ya tangi umebakisha sentimita 15 tu hadi kwenye lenta. Mkono utapita wapi? Matumbawe yanataka kushikwashikwa: konokono kaangusha kipande, pampu ya mawimbi imeota magamba ya chokaa, samaki kafia nyuma ya mawe. Kina ni sentimita 60, maana yake mkono unazama mpaka kwapani. Acha wazi angalau sentimita 45 juu ya kioo, 60 ukiweza, na taa zining'inie kwenye reli ili zisogee pembeni ukifanya kazi. Nyuma acha mita moja ya kusimama, na mahali pa kigoda. Pakibana, utakuwa unaahirisha usafi, na hayo ndiyo mauti ya matangi mengi ya ukutani. Maradhi huja baadaye kumalizia tu.

Pili ni uzito. Lita moja ya maji ya bahari ni kama kilo 1.025. Tangi lako ni lita 540; ongeza kioo cha milimita 12, mawe na mchanga, unakaribia kilo 750 kabla ya stendi na tangi la chini, lile la kuchujia maji kabatini. Mzigo wote ushuke kwenye sakafu kupitia stendi. Tangi lisikae juu ya ukuta, wala ukuta usikae juu ya tangi. Lenta ibebe matofali ya juu peke yake, na kati ya ukuta na kioo pabaki upenyo wa sentimita moja uliojazwa sponji laini. Saruji hapana, maana ukuta ukicheza kidogo kioo ndicho kitakachopasuka. Na kabla ya yote hayo, kama ule ukuta umebeba paa au ghorofa, aitwe mhandisi. Mrisho ni fundi mzuri wa matofali, lakini…

Fremu ishuke sentimita 4 chini ya ukingo wa juu wa kioo ili mstari wa maji usionekane. Ifungwe kwa sumaku au skrubu, itoke bila nyundo. Mwani hupenda kujificha pale pale fremu inapogusa kioo, na sumaku ya kusugulia haifiki.

Sasa mabomba. Weka matundu mawili ya kushusha maji, moja la kazi na moja la dharura lisilo na koki. Konokono mmoja akiziba la kwanza bila la pili, pampu itaendelea kupandisha maji mpaka sebule ilowe. Halafu piga hesabu ya umeme kukatika: kila sentimita moja ya maji juu ya tangi lako ni lita 9. Mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, lita 45 zitarudi chini, na bado yaliyomo kwenye mabomba. Uweke sentimita 2 tu chini, na tangi la chini libaki na nafasi tupu ya lita 40. Usitegemee valvu ya kuzuia maji kurudi. Chokaa na konokono huiacha wazi. Kila pampu iwe na yunioni, kiungo cha kufungua na kufunga, itoke bila kukata bomba.

Ukipima kabati la chini, pima na urefu wa skima, kile kichujio cha povu, pamoja na kikombe chake kikivutwa juu. Ni ugonjwa ule ule wa sentimita 15, umehamia chini.

Tangi kama hilo linaweza kupoteza lita 5 hadi 10 kwa siku kwa mvuke. Yanayoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo unaongezea maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando laini, kwa kifaa cha kujaza chenyewe. Huo mvuke uwe na pa kwenda: feni ya kutoa hewa nje, bodi ya saruji badala ya jipsamu, rangi isiyonyonya unyevu. Mpira wa hewa wa skima nao utoboe ukuta uende nje, kwani kwenye chumba kilichofungwa kaboni dayoksaidi hujaa na pH inashuka, yaani maji yanaelekea kuwa asidi. Soketi ziwe juu na pembeni, kila waya uning'inie chini ya soketi yake kabla ya kuingia, na kuwe na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Chumvi hutambaa juu ya waya kama sisimizi.

Kabla ya kufunga ukuta, jaza maji baridi ya kawaida na endesha pampu zote wiki nzima. Pangusa kila kiungo kwa karatasi kavu. Zima umeme mara kadhaa uone tangi la chini linajaa mpaka wapi.

Ya chumvi ni mepesi. Chumvi iingie kwenye maji, si maji juu ya chumvi, la sivyo kalsiamu inaganda na maji yanakuwa kama uji. Lita 600, tangi la chini likiwemo, zitakula kilo 20 na ushee. Tafuta gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, joto nyuzi 25 au 26. Kisha mawe, na subira ya wiki 4 hadi 6 mpaka amonia na naitraiti, sumu za tangi jipya, zirudi sifuri. Matumbawe magumu baadaye: kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, alkalini (kinga ya maji dhidi ya asidi) 8 au 9 kwa kipimo cha dKH, isiyumbe.

Haya, nijibu. Nyuma ya ukuta ni stoo au chumba cha mtoto? Maana pampu zinavuma. Sakafu ni zege juu ya ardhi au ni ghorofa? Kuna tundu la maji machafu karibu, au utabeba ndoo? Tangi litapita mlangoni, umepima? Na shemeji amekubali kelele, au hajaambiwa? Bakari bado ana ile ngazi fupi?

Jibu kabla ya Jumamosi.

Wako,
Zuberi

N.B. Bomba au kiungo cha shaba kisiguse maji hayo popote. Shaba huua kamba, konokono na matumbawe. Na mawe yenye zile palithoa, viumbe laini jamaa ya matumbawe, usiyachemshe wala kuyasugua bila glavu na miwani. Sumu yake ikipanda na mvuke, itawalaza nyumba nzima.