Ganda Likinyofoka Ukingo, Bunduki Ichunguzwe Kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu ushauri waliopewa wasomaji wanaojaza upya risasi zao za kulengea shabaha, yaani wanaotia fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa. Mwandishi wenu aliulizwa kwa nini maganda yanayorushwa na bunduki za nusu otomatiki hutoka yamebonyea midomo, yamekwaruzika ubavuni, na mara nyingine ukingo wa kitako umenyofoka. Akajibu kwamba muulizaji apunguze baruti, na hali isipobadilika anunue kalibu mpya, kile kifaa cha kulirudishia ganda umbo lake. Mimi ni fundi mitambo, na nimejaza maganda kwa miaka mingi. Jibu hilo limenikosesha raha, kwa sababu litamtia mtu gharama bure, na akilifuata bila kuelewa linaweza kumdhuru.

Kwenye bunduki ya kukokota bolti (chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma) kwa mkono, ganda hukaa ndani ya chemba, yaani pale mwanzo wa mtutu risasi inapokaa, mpaka mwenyewe uamue kulitoa. Kufikia hapo gesi imekwisha, shaba imenywea kidogo na kuachia kuta, na ganda linatoka bila kulazimishwa. Bunduki ya nusu otomatiki haisubiri. Gesi hupita kwenye tundu dogo la mtutu, ikasukuma pistoni kama ilivyo kwenye M1 Garand, bunduki ambayo jeshi la Marekani liliipokea rasmi mwaka 1936, au ikarudi kwa bomba hadi kwenye kibebea bolti kama alivyobuni Eugene Stoner kwa familia ya bunduki za AR-15. Yote hayo hufanyika ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Bolti ikifunguka mapema kupita kiasi, ganda bado limevimba na limeng'ang'ania chemba, huku kucha ya kichomozi, ndoana inayolitoa ganda chemba, inavuta ukingo wake. Kimoja lazima kishindwe, na chuma hakiwezi kushindwa na shaba.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mizani ya baruti, chukueni maganda yenyewe myasome. Fataki zimebapa? Mashimo ya fataki yamelegea kiasi kwamba fataki mpya inaingia bila kusukumwa? Kama ndivyo, shinikizo limezidi. Risasi za kundi hilo zisipigwe tena, na mjazaji arudi kwenye vipimo vilivyochapishwa na watengenezaji wa baruti, aanzie chini. Lakini fataki zikiwa salama, mashimo yakiwa yamebana, na bado ukingo umepinda au kuna alama ya kung'aa ya ejekta (kipini kinacholirusha ganda nje) kwenye kitako, mshukiwa wa kwanza ni muda wa bolti kufunguka. Mwandishi wenu hakutenganisha hali hizi mbili, na humo ndimo ushauri wote ulimoharibikia.

Kuhusu baruti, la kuangaliwa kabla ya kiasi ni kasi yake ya kuungua. Baruti inayoungua polepole huacha shinikizo kubwa zaidi kule kwenye tundu la gesi, hata kama shinikizo ndani ya chemba liko ndani ya mipaka. Wenye Garand wanalijua hili vizuri, maana kwao adhabu haiishii kwenye maganda. Fimbo ndefu inayosukuma bolti inaweza kupinda. Ndiyo maana vitabu vya kujazia vyenye sehemu ya bunduki hiyo huorodhesha baruti za kasi ya wastani, na ndiyo maana wengine hufunga plagi ya gesi inayorekebishika. Kwenye AR-15 kuna kizuizi cha gesi kinachorekebishika, au bafa (uzito unaosukumwa nyuma pamoja na bolti) nzito zaidi nyuma ya kibebea bolti, ambayo huchelewesha kidogo kufunguka. Mtu anayepunguza tu baruti ya polepole bila kujua haya anaweza kushuka chini ya kiwango cha chini kilichochapishwa, jambo lenye hatari zake, na bunduki ikaanza kukwama kabla hajaona nafuu ya maana kwenye maganda.

Kuna sababu nyepesi zaidi ambayo haikutajwa kabisa: uchafu. Kijana mmoja wa klabu yetu alikuja na mfuko wa maganda ya risasi za aina ya .308 yaliyochanika kingo, ameshaambiwa abadilishe kichomozi. Nilipomulika chemba yake kwa tochi niliona tabaka la kaboni na mafuta ya kulainishia yaliyokaukia humo, kwani alikuwa hafuti maganda baada ya kuyapitisha kwenye kalibu. Tuliisugua kwa brashi ya chemba, tukaikausha, na maganda yakaanza kutoka mazima. Kichomozi chake bado ni kilekile. Wanaojaza wafute mafuta hayo kila ganda, tena kwa sababu nyingine pia: ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba inavyotakiwa, na nguvu ya kurudi nyuma inaielemea bolti zaidi.

Midomo iliyobonyea ni habari tofauti. Hiyo hutokea baada ya ganda kuchomolewa, pale ejekta inapolirusha likagonga ukingo wa dirisha la kutolea maganda au kile kinundu cha kulikengeusha. Dawa yake ni kipande cha utepe laini wenye manyoya, ule wa kunasa nguo, kikibandikwa mahali panapogongwa. Mahali penyewe patajionyesha kwa alama ya njano ya shaba. Wengine hukata springi ya ejekta ili irushe kwa upole. Mimi sipendi, maana ikidhoofika kupita kiasi ganda tupu hubaki njiani na risasi inayofuata inaligonga. Mdomo uliobonyea kidogo hunyooshwa kwa kijiti chenye ncha iliyochongoka kama pia kabla ya kuingizwa kwenye kalibu. Bonde laini ubavuni hujitoa lenyewe ganda likipigwa tena. Ila penye mkunjo mkali, wenye kona, msilitetee ganda hilo, litupeni.

Wenye bunduki za aina ya Heckler & Koch G3 wasitishike na mistari myeusi inayokwenda kwa urefu wa ganda. Chemba yao imechongwa mifereji kwa makusudi, ili gesi ipite kandokando na kulilegeza ganda wakati wa kutoka. Mistari hiyo si ugonjwa. Bonde kubwa linalopigwa ubavuni wakati ganda linaporuka ndilo la kushughulikia, na zipo bafa za dirishani, yaani vikinga vya kupunguza kishindo cha ganda, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa kalibu, ambayo mwandishi wenu aliitaka inunuliwe mpya. Mara nyingi kalibu haina kosa, ila imefungwa vibaya kwenye presi. Ganda la bunduki ya nusu otomatiki linahitaji kurudishwa umbo zima, na bega, pale mwili unapopungua kuelekea shingo, lirudi nyuma milimita 0.08 hadi 0.13 hivi kuliko lilivyotoka chemba. Likirudi pungufu, bolti inaweza isifunge sawasawa. Likisukumwa kupita hapo, kila mpigo unalinyoosha ganda kwa ndani karibu na kitako, mpaka siku moja kitako kinakatika na mwili unabaki chemba. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu kwa nje ganda linaweza kuonekana zuri kabisa. Chukueni waya mwembamba, mpinde ncha yake, mkwaruze ndani ya ganda kutoka kitakoni kupanda juu. Ncha ikizama kwenye mfereji, ganda limekwisha, na yale ya kundi moja nalo yachunguzwe yote. Pete ya kung'aa kwa nje karibu na kitako ni dalili ileile. Kipimo cha bega kinasema ukweli zaidi kuliko macho, na ni rahisi kuliko kalibu yoyote mpya.

Urefu nao usisahauliwe. Ganda la .223 lisizidi milimita 44.70 na la .308 lisizidi 51.18. Wengi hukata robo milimita chini ya hapo.

Nina neno kuhusu fataki, ingawa halihusu uharibifu wa ganda moja kwa moja. Kwenye bunduki nyingi za aina hii, AR-15 na Garand zikiwemo, pini ya kufyatulia haina springi ya kuizuia, nayo huigusa fataki kidogo bolti inapofunga. Toeni risasi ambayo imeingizwa chemba bila kupigwa, mtaona kidoa. Kwa hiyo fataki ikae chini kidogo ya uso wa kitako, kila moja ipitishwe kidole, na iliyochomoza isiingie magazini kamwe.

Jambo la mwisho ni usafi wa shaba yenyewe. Ganda ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, na mchanganyiko huo una adui mmoja mkubwa: amonia. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza huko India liliona risasi zake zikipasuka zenyewe ghalani wakati wa masika. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mabanda ya farasi, na mvuke wa mkojo ulikuwa umeila shaba iliyokuwa bado na mkazo ndani yake. Maelezo kamili ya kisayansi yalipatikana mwaka 1921. Hata hivyo bado naona watu wakiloweka maganda kwenye dawa za kung'arishia vyombo bila kusoma kilichomo. Maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha, au pumba za gunzi kwenye pipa la kuzungushia. Shingo zikianza kupasuka baada ya kujazwa mara kadhaa, tatizo ni ugumu wa shaba, nazo hupashwa moto kwa sekunde chache na kulainishwa. Moto usifike kitakoni. Kitako kilicholainika hakifai tena kushika shinikizo, na hakuna njia ya kukirudishia ugumu wake pale mezani.

Mhariri, sina ugomvi na mwandishi wenu, na nafurahi kwamba gazeti linawakumbuka wanaoufanya mchezo huu kwa leseni na kwa uangalifu. Ninachoomba ni kwamba safu hiyo ichapishwe tena, na safari hii muulizaji aulizwe kwanza ni bunduki gani, baruti gani, chemba ilisafishwa lini, fataki zinaonekanaje, na maganda yanaangukia mbele, ubavuni au nyuma ya mpigaji. Aambatishe na picha ya vitako.

Wako katika kulenga shabaha,
Fundi mitambo, msomaji wa gazeti hili