Kwa Mwalimu, kuhusu kombe na madogo wako

Minnesota, Marekani, Novemba 2025

Mwalimu wangu,

Salamu zako nimezipata, na za shemeji pia. Huku wazima, ila baridi imeshaingia na makoti yote mawili nimeyatoa kabatini.

Umeniuliza swali na unataka jibu la haraka. Mkuu wa shule anataka kombe la UMISSETA la mkoa. Wewe una madogo wa Kidato cha Pili ambao ukiwapanga sasa mtafungwa, na ukiwaweka benchi mpaka wafike Kidato cha Nne, mpira utakuwa umeshawatoka miguuni. Halafu ukaongeza, kwa utani wako ule, kwamba mimi niliyekimbilia kwenye barafu nisikuletee mambo ya wazungu. Samahani, nakuletea, maana swali hilohilo ndilo linalowanyima usingizi makocha ninaofanya nao kazi.

Kazi yangu unaijua: stoo ya vifaa vya timu ya hoki ya barafuni, chuo kidogo tu. Nanoa makali ya viatu vya barafuni, naanika glovu, napanga magongo. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20, na mshambuliaji akiingia anakimbia sekunde 45 hivi, anatoka akihema, mwingine anaingia. Sabu hazina kikomo. Kuna safu nne za washambuliaji watatu watatu na jozi tatu za mabeki. Kwa hiyo kocha akikuambia kwamba kwake kila kijana anakuzwa, wewe angalia safu ya nne imeingia mara ngapi kipindi cha tatu, matokeo yakiwa sare. Mimi hata kuangalia sina haja. Mechi ikiisha nakusanya vifaa: glovu za safu ya kwanza zinachuruzika jasho, za dogo wa mwaka wa kwanza kavu, na makali ya viatu vyake ni yaleyale niliyoyanoa mchana.

Kinachowasaidia vyuo ni ratiba. Timu ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwisho wake ni mechi 34 za msimu wa kawaida, nyingi zikiwa Ijumaa na Jumamosi, wakati vijana wa ligi kubwa za Kanada wanacheza zaidi ya 60. Siku zilizobaki ni mazoezi na vyuma. Dogo mwembamba anapata muda wa kujaza mwili na kurekebisha mguu wake bila mtu kumzomea. Wewe, Mwalimu, naona unapiga hesabu ya dakika za mechi tu, wakati jioni zako nne za mazoezi kwa wiki ziko palepale.

Ila sikudanganyi kwamba ukikuza vipaji kombe litakuja lenyewe. Mwaka 2022 chuo cha Michigan walikuwa na vijana wanne kati ya watano wa kwanza waliochaguliwa na klabu za NHL, ligi kuu ya kulipwa ya huku, mwaka uliotangulia. Wanne, timu moja! Wakaenda nusu fainali ya vyuo Boston, chuo cha Denver wakawafunga 3-2 dakika za nyongeza. Mwaka uliofuata, fainali ya Tampa, Chuo Kikuu cha Minnesota wakiwa na vipaji vyao vichanga waliongoza 2-0. Chuo cha Quinnipiac, waliokuwa wamekomaa zaidi, wakarudisha yote mawili, kisha wakamaliza kazi sekunde ya 10 ya nyongeza. Kocha wao, Rand Pecknold, aliichukua timu hiyo mwaka 1994 akiwa bado anafundisha historia sekondari, kwa hiyo usijione uko peke yako na chaki zako.

Umri ndio siri kubwa ya huku. Wengi hupitia ligi za vijana kwanza na kuingia chuo wakiwa na miaka 20 au 21, hivyo dogo wa miaka 18 anaweza kugongana na mtu wa 24 mwenye ndevu zake. Kwenu mngesema mamluki. Hapa ni halali.

Na mambo yanazidi kubana. Tangu 2021 mchezaji alikuwa akihama chuo mara moja bila kukaa nje msimu, na kuanzia 2024 hata zaidi ya mara moja. Kuanzia Agosti mwaka huu hata wale wa ligi kubwa za Kanada, waliokuwa wakizuiwa, wanaruhusiwa kuja. Kocha anayeogopa kufukuzwa kwa nini ahangaike miaka mitatu na kijana, wakati aliyeiva anapatikana kwa simu moja? Naye dogo akiona hachezi anafunga begi. Binafsi naona wanaoumia ni wale wanaochelewa kuiva, na hao ndio wengi.

Ngoja nikueleze nilichokiona hapa kwetu. Mwezi Septemba kocha alisimama mbele ya wote, wakongwe wakiwepo, akamtaja dogo mmoja wa mwaka wa kwanza: tukicheza pungufu, mchezaji wetu akiwa ametolewa kwa dakika mbili, huyu anaingia. Kazi yake ni moja tu, kuziba njia ya pasi ya katikati. Wiki kadhaa baadaye, Ijumaa, tuko 2-2, zimebaki dakika sita, mwenzetu akatolewa. Kocha hakugeuza hata shingo, dogo akaruka ukuta wa benchi akaingia. Wakatufunga, na pasi ilipita palepale penye gongo lake. Tukalala. Bosi wa idara ya michezo alikuwa jukwaani kavimba. Jumamosi, tulipocheza pungufu mara ya kwanza tu, dogo huyohuyo akatumwa. Nikamtazama beki wetu mkongwe aliyezoea nafasi hiyo: alikuwa anampigia gongo ukutani kumshangilia, maana tangu Septemba alijua.

Kwa hiyo chagua madogo wawili, usichague sita. Kila mmoja mpe kazi yenye jina: yule wa mguu wa kushoto apige kona zote, mwingine aingie kiungo mkabaji dakika 20 za mwisho, hata mkiwa mnaongoza kwa bao moja. Watangazie wa Kidato cha Nne kabla ya mechi ya kwanza. Na mkuu wa shule mwambie leo, kwa majina, kabla hajaahidi kombe kwenye kikao cha wazazi. Ila usimwambie "tunajenga timu". Kila anayefungwa husema hivyo, na yeye si mgeni mjini.

Koni na vizibao vya mazoezi nimevipakia kwenye begi la shangazi, anakuja huko Desemba. Viatu namba 39 sikupata. Nitumie vipimo vya miguu ya hao wawili ukishawachagua, safari hii vya sentimita, namba za huku zinanichanganya.

Rafiki yako,
wa stoo