Kabla hujamwita mzembe: barua kwa wazazi wa darasa la tatu na la nne

Wanangu,

Marahaba kwenu nyote mnaoniamkia mkipita hapa barazani asubuhi. Wengi wenu niliwafundisha mimi mwenyewe, na najua wapo wanaonikumbuka kwa fimbo kuliko kwa hesabu. Hilo nitalifikia.

Tangu shule zifunguliwe nimeletewa madaftari manne, na kila aliyeleta alikuja na neno lilelile: "Bibi, huyu anajua, ila mzembe. Hatulii." Nikavaa miwani, nikayapekua ukurasa kwa ukurasa. Uzembe nimeuona katika daftari moja. Wenye yale matatu wamekosea kwa bidii kabisa. Kila mmoja ana kanuni yake anayoiamini, na ameifuata kuanzia swali la kwanza hadi la kumi bila kuyumba. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia "tulia", atatulia, kisha atakosea vilevile kwa mwandiko mzuri zaidi.

Tazameni hili. 503 toa 278. Mtoto ameandika 375. Mzazi kaona alama nyekundu, kapandisha sauti. Lakini jibu lile halikuokotwa. Kwenye mamoja kaona 3 na 8, akatoa 3 kwenye 8, akapata 5. Kwenye makumi kaona 0 na 7, akaandika 7. Kwenye mamia 5 toa 2, akapata 3. Kanuni yake ni kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa, ipi iko juu na ipi iko chini haimhusu.

Kaipata wapi? Kwetu walimu. Nilipokuwa mwalimu mchanga nilimchapa mvulana mmoja kwa kosa hilihili. Hesabu kumi, zote kumi. Kesho yake akarudia. Nikamwuliza, kwa hasira wala si kwa hekima, "Hapa umefanyaje?" Akanijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, ulisema nane haitoki kwenye tatu. Nikaona tatu inatoka kwenye nane." Ni kweli nilisema. Ubaoni, mbele ya darasa zima. Tangu siku ile, nikiona kosa linalojirudia kwa sura ileile, namwuliza mtoto kwanza amefanyaje, nanyamaza hadi amalize. Kuteleza hakuna mpangilio. Leo huku, kesho kule. Kosa lenye mpangilio lina mafundisho nyuma yake.

Dawa ya kutoa kwa kukopa ni vijiti. Funga vijiti kumikumi kwa mpira, kisha mafungu kumi uyafunge pamoja yawe mia. Mpe mtoto mia tano na vijiti vitatu, mwambie akupe 278. Akifika kwenye nane atakwama, atakutazama. Usiseme kitu. Hapo ndipo atakapoona kwa nini ile sifuri ya katikati ni mtihani: fungu la kumi la kufungua hakuna, itabidi aende kwenye mia, aifungue apate makumi kumi, moja kati ya hayo alifungue tena, yabaki tisa. Aliyefungua mpira kwa mkono wake mara nne tano hahitaji kukaririshwa "kopa kwa jirani", maana jirani akiwa hana kitu anajua aende nyumba ya pili. Akibakiwa na 225, mwambie achukue lile jibu lake la zamani, 375, alijumlishe na 278 aone kama litarudi 503. Litaleta 653. Atacheka mwenyewe.

Pengine kikwazo kiko kwenye maneno. "Juma ana maembe 12. Amemzidi Asha kwa maembe 5. Asha ana maembe mangapi?" Katika daftari la pili nimekuta 60. Sitini! Mtoto kasikia "amemzidi", akazidisha. Kuzidi na kuzidisha ni mtu na mdogo wake katika Kiswahili chetu, na hakuna aliyemwambia kuwa hapa kila mmoja ana kazi yake. Vilevile "toa 7 kutoka 15": wengi huanza kuandika 7 kwa kuwa ndiyo iliyotajwa kwanza. Nawasihi msimfundishe mtoto kuwinda neno, kwamba akiona "zidi" aweke alama hii na akiona "baki" aweke ile. Mwambieni afunge daftari asimulie habari ya Juma na Asha kana kwamba aliwakuta sokoni. Nani ana mengi? Nani kapungukiwa? Akishajua kuwa Asha ndiye mwenye machache, sitini haitamjia hata kwa ndoto.

Majina ya namba nayo yana vituko vyake. Kumi na moja, kumi na mbili, hapo lugha inambeba mtoto vizuri, kila kitu anakisikia. Akifika ishirini inamtua chini. Ishirini haifanani na mbili hata kidogo, hamsini haina tano ndani yake, na themanini kwa sikio la mtoto iko karibu na thelathini kuliko na nane. Sitini, sabini na tisini angalau zinashabihiana na ndugu zao. Kwa hiyo mwanao akiandika 30 pale uliposema themanini, mwache kwa wiki chache aseme "makumi nane". Hakuna kitakachoharibika.

Sasa MAGAZIJUTO, ambayo nyinyi wenyewe niliwaimbisha: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Daftari la tatu limeangukia hapo, na kwa kweli limeniangukia mimi. Swali ni 20 − 8 + 5. Mtoto akakumbuka JU hutangulia TO, akajumlisha 8 na 5 akapata 13, akatoa kwenye 20, akaandika 7. Jibu ni 17. Ukiwa na 20, ukala 8, ukapewa 5, una 17; hata asiyesoma anajua. Kujumlisha na kutoa ni watu wa rika moja, anayetangulia upande wa kushoto ndiye anayeanza. Kwenye kugawanya na kuzidisha mtoto huponea, kwa sababu kutanguliza kugawanya hakuharibu jibu. Ni zile silabi mbili za mwisho zinazomponza. Laiti aliyetunga neno lile angetanguliza TO! Miaka yote niliyoimbisha sikuwahi kulisema hili kwa sauti, basi nalisema leo, tena mbele ya wale niliowapotosha.

Kwenye hesabu za saa sitakaa sana. Basi limeondoka saa 1:45 asubuhi, limefika saa 3:20, limetumia muda gani? Ukikuta saa 1 na dakika 75, ujue kakopa saa akaihesabu kuwa ni mia. Mwonyeshe saa ya ukutani, azungushe mshale kwa mkono. Saa 1 na dakika 35 ataiona.

Nimesema daftari moja lilikuwa na uzembe wa kweli. Nalo nalitilia shaka. Mtoto ananakili 68 ubaoni, anaandika 63. Anazidisha vizuri, kisha tarakimu zinapanda kilima, mamoja yanaangukia chini ya makumi. Nilimketisha mbele yangu nikamwambia asome kalenda iliyo ukutani, akakunja macho. Mama yake amekwishaambiwa ampeleke akapimwe. Kwa wasio na tatizo la macho, nunueni daftari la hesabu la miraba, tarakimu moja kwa mraba mmoja, na mwambieni afanye hesabu chache zilizoachana nafasi. Halafu tazameni saa anazofanyia kazi. Mtoto anatoka shule, anaingia tuisheni, anarudi magharibi, anapewa hesabu ishirini baada ya chakula akiwa anasinzia. Hapo mzembe ni nani? Mimi ningempa tano, alasiri, kabla hajachoka. Tano zilizofanyika na kuhakikiwa zinamtosha.

Na kuhakiki mumfundishe, maana "angalia tena" haimwambii aangalie nini. Mtoto husoma upya alichoandika akaona kiko sawa, kwa sababu ndicho alichoandika. Mpeni njia ya kurudi: aliyetoa ajumlishe, aliyegawanya azidishe. Na kabla hajaanza akisie. 49 mara 6 ni karibu na 50 mara 6, yaani 300 kasoro kidogo; akipata 2,454 kalamu yenyewe itasita.

Dukani nako mtumeni. Noti ya 5,000, vitu vya 3,250, chenji ngapi? Mwenye duka hatoi kwa kukopa. Anapanda: 50 ifike 3,300, 700 ifike 4,000, 1,000 ifike 5,000. Ni 1,750. Mtoto anayepanda hivi ana njia ya pili ya kutoa, na siku njia ya kwanza ikimkwamisha ataikimbilia hii. Baba zake wenye bao nao wampishe uwanjani. Mashimo 32, kete 64, na hakuna anayesinzia.

Jambo moja mnaniudhi nalo, niwaambie ukweli. Usiku mwana kalala, mzazi anachukua raba, anafuta makosa yote na kuandika majibu sahihi ili mwalimu asikasirike. Mwalimu akilifungua daftari kesho hana cha kusoma. Hajui kama mtoto alikwama kwenye sifuri, kwenye neno "amemzidi" au kwenye usingizi. Anaweka vema anaendelea na mada.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri nipo barazani, na vijiti vyangu na mipira. Hakuna ada, atakayekuja na kahawa sitamfukuza. Mje na mtoto na daftari lake, makosa yakiwemo humo humo. Raba iacheni nyumbani.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu