Barua kwa mwanangu wa maabara

Nansio, Ukerewe

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba ya shikamoo yako ya juzi. Ulikata simu upesi ukasingizia mtandao, lakini mimi ndiye niliyekuzaa, sauti yako ikibanwa naijua. Dada yako ndiye aliyenimwagia yote: kwamba hapo maabara mnapunguzwa, kwamba orodha ya majina iko kwenye droo ya mtu wa utawala, kwamba atakayeondoka atalipwa mshahara wa miezi sita kwa kila mwaka aliofanya kazi. Na kwamba wewe umeshaanza kuulizia bei ya pikipiki kwa hela hiyo ambayo hata harufu yake hujaisikia.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia lote. Mwaka 1999 nilikuwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapo Mwanza, wewe ukiwa bado wa kubebwa mgongoni. Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu. Sisi wa mezani hatukuambiwa neno. Tulizipata habari getini, kwa kina mama wanaonunua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Wale walijua mambo kuliko msimamizi wetu, maana mapanki yakipungua wao ndio wa kwanza kulala njaa. (Mpaka leo nawaamini kuliko redio.) Ndani ya kiwanda sasa, ilikuwa kila siku na lake: leo wanaondolewa wa zamu ya usiku, kesho wenye watoto wachanga, keshokutwa sote. Mwenzangu wa meza moja alichoka, akafunga virago akarudi kwao Bunda. Wiki tatu baadaye yakasomwa majina ya wanaobaki, lake likiwemo, mwenyewe hayupo.

Mimi nilibaki, nikafanya ujinga wa aina nyingine. Siku tuliyopangwa foleni, karani aliweka karatasi mezani akasema saini hapa upate hela yako. Nyuma wananisukuma, wewe unalia mgongoni. Nikasaini. Kumbe imeandikwa kwamba naacha kazi kwa hiari yangu! Nikalipwa siku nilizofanya kazi, basi. Nilinunua unga, mafuta ya taa na viatu vyako vya kwanza, na hela ikaishia hapo hapo sokoni.

Kwa hiyo jana nilimfuata mjomba wako. Unajua alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kabla hajastaafu, na hakuna kinachompendeza kama kuulizwa. Akavaa miwani, akanisomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mpaka chai ikapoa. Kiinua mgongo cha kisheria, yaani malipo ya anayepunguzwa kazini, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Wewe una miaka sita. Ni siku 42, baba, si miezi 36. Tena mshahara wa msingi; posho ya kwenda visiwani kuchukua sampuli haimo. Pembeni yake kuna notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, kuna malipo ya likizo ambayo hujaenda, na cheti cha utumishi. Mkataba unaweza kukupa zaidi ya hapo.

Hapo akavua miwani. Akaniuliza, mkataba wake ni wa mradi? Kwa sababu muda wa mkataba ukiisha wenyewe, hicho kiinua mgongo hakipo kabisa. Kukatishwa katikati na kufika mwisho ni mambo mawili. Nikabaki kimya, maana mkataba wako sijawahi kuuona, na nina wasiwasi wewe mwenyewe uliusoma ukurasa wa mshahara tu.

Akasema pia mwajiri anayekusudia kupunguza watu anatakiwa kutoa taarifa mapema, aeleze sababu, akae na chama au na wafanyakazi wenyewe wajadili nani aondoke na kwa kigezo gani. Basi ulizeni kwa barua, wote kwa pamoja, badala ya kunong'onezana kwenye chai. Na ukiona umeachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayosikiliza migogoro ya kazi, inataka ufike ndani ya siku 30. Siku za kulalamika kwa marafiki Kirumba nazo zimo humo humo.

Sisemi hofu yenu ni ya bure. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, hata huku kisiwani tulisikia habari za miradi iliyosimama ghafla. Tangu hapo mfadhili akipiga chafya watu wanaandaa sanda.

Lakini unakumbuka siku uliyonieleza kazi yako, nikacheka mpaka machozi, kwamba nilikusomesha ukachungulie vinyesi vya watu kwenye hadubini? Ukasema, mama, tunahesabu mayai ya kichocho kwenye kipande kidogo tu cha kinyesi, tunazidisha kwa 24 tupate idadi ya gramu moja. Ukiongeza yai moja la uongo umeongeza 24. Sasa haya ya kazini, umeona nini kwa macho yako? Dada yako anasema vitendanishi, zile dawa za kupimia, havijaagizwa tangu mwezi wa tatu na gari la mradi limeegeshwa halitoki. Hayo yaandike, na tarehe zake. Ile droo hujaifungua.

Usiandike barua ya kuacha kazi, usikope kwa kutegemea malipo hayo, na karatasi yoyote utakayopewa kusaini iombe ulale nayo usiku mmoja. Pikipiki isubiri.

Nimekutumia machungwa kwa meli ya kesho asubuhi, mfuko umefungwa kwa kitenge cha bluu. Mkataba wako upige picha umtumie mjomba wako leo leo, kurasa zote, hata ile ya nyuma yenye maandishi madogo.

Mama yako