Taarifa ya Mwenyekiti wa Klabu ya Judo ya Chuo kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu mlezi wa klabu, mwalimu wetu, wahitimu na wanachama wenzangu,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia kwa urefu. Mazoezi yalikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, isipokuwa wiki za mitihani. Wiki ya kupokea mwaka wa kwanza tulionyesha judo mbele ya bwalo tukaandikisha wapya 14, wengi wao wakisema waliujua mchezo huu walipomwona Andrew Mlugu akiiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Wanachama saba wamefuzu mkanda wa njano, wawili wa chungwa. Nawapongeza.

Fedha. Kuosha magari Jumamosi sita kulituingizia shilingi 540,000. Harambee ilileta ahadi za 5,200,000, zilizolipwa ni 2,650,000. Wahitimu walituma 1,100,000, ada ni 460,000. Jumla 4,750,000. Tumetumia 4,315,000: mikeka 3,360,000, turubai na fremu ya mbao 310,000, usajili 200,000, huduma ya kwanza na maji 145,000, na 300,000 tuliyomrudishia mhitimu mmoja nitakayemgusia hapa chini. Salio ni 435,000. Vitabu anavyo mweka hazina, na stakabadhi zote zipo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limesemwa sana vyumbani na kwenye kundi letu la simu, mara nyingi nikiwa sipo. Ni kweli kwamba kadi za harambee ziliandikwa "safari ya mashindano Zanzibar". Ni kweli pia kwamba fedha ile ilinunua mikeka, na timu ya watu 12 iliyojifua miezi minne haikupanda boti. Uamuzi ulikuwa wangu na mweka hazina, na mimi ndiye niliyeweka sahihi ya kwanza.

Mnakumbuka tulikuwa tunaangukia nini: maranda ya mbao yaliyofunikwa turubai. Maranda yanahama. Ukirusha watu ishirini jioni moja, katikati panabaki shimo, na chini ya shimo ni saruji. Mwezi wa tatu mwenzetu wa mwaka wa kwanza alirushwa kwa seoi-nage (mtupo wa kupitisha mtu begani) nzuri kabisa, akaanguka kama alivyofundishwa, akavunjika mtulinga. Kosa halikuwa lake wala la aliyemrusha. Nilikaa naye hospitali hadi saa sita usiku, na mimi ndiye niliyempigia mama yake simu. Mama yule aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwani huko mnaangukia nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Wiki mbili baadaye ukumbi mmoja wa mazoezi ulikuwa unafungwa, ukiuza mikeka 24 iliyotumika, ya mita 2 kwa 1, unene sentimita 4, kila mmoja 140,000. Muuzaji alitupa siku tatu. Katiba yetu inataka matumizi yanayozidi milioni moja yapitishwe na mkutano mkuu, nami niliuitisha. Tuko 38. Walikuja tisa. Akidi haikutimia. Nikaitisha tena kesho yake, wakaja sita. Wengi wanaosema leo hawakushirikishwa walikuwa bwenini, mita mia mbili kutoka hapo. Ningesubiri nini? Usafiri wa mikeka, kirikuu tripu mbili, nililipa 90,000 mfukoni mwangu, na sijadai kurudishiwa.

Kwa wana timu, poleni. Najua mlivyokuwa mnaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, na nimewaomba radhi mmoja mmoja. Mhitimu aliyetoa 300,000 mahsusi kwa safari alidai fedha yake, na alikuwa na haki. Lakini Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 alianza na mikeka 12 ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo. Sehemu ya kuangukia ilitangulia, mashindano yakaja baadaye. Tangu mikeka ilipotandikwa hatujampeleka mtu hospitali hata mara moja.

Ada nayo inaniumiza. Ni 20,000 kwa semesta, kwa hiyo watu 38 kwa mwaka ni 1,520,000. Tumepata chini ya theluthi moja. Naelewa boom, fedha ya mkopo wa wanafunzi, linachelewa, hata langu lilichelewa. Lakini boom likiingia tunaonana kwenye chipsi kuku, na mweka hazina hapokei kitu. Ahadi za harambee ambazo hazijalipwa ni 2,550,000, na baadhi ya majina ni ya waliomo humu ukumbini. Kama ada na ahadi zingelipwa, mikeka tungenunua na Zanzibar tungekwenda.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kwenda kwenye mashindano, tukipata wafadhili. Uwanja wa mashindano ya kimataifa unaanzia mita 8 kwa 8, sisi tuna 6 kwa 8, hivyo tunatamani kuongeza mikeka minane. Tunafikiria pia kuwaandikia wafanyabiashara wa jirani na chuo, na kuosha magari kuendelee watu wakijitokeza.

Mikeka inatandikwa saa kumi na nusu kabla ya kila zoezi. Hadi sasa tunaitandika watu wanne, walewale.

Mwenyekiti