Bahasha ya dawa iandikwe saa

Mhariri,

Bahasha nyingi za dawa bado zinaandikwa "kutwa mara tatu" au "1 x 3" basi, mengine anaachiwa mgonjwa. Kwa aliyeandika, maana yake ni kila baada ya masaa 8. Nyumbani, kutwa ni mchana, tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Ndiyo maana amoksilini humezwa saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, kisha mwili ukakaa masaa 13 bila dozi nyingine na bakteria wakapata nafasi. Mpangilio sahihi ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

Wasanifu wa lugha hawalipendi neno "masaa", lakini kwenye bahasha lina kazi. "Kila saa 8" wapo wanaoielewa kuwa kila ikifika saa nane.

Dawa mseto ya malaria (ALu) ndiyo inayovurugwa zaidi. Mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4 kwa mara 6, jumla 24, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza; ya tatu ni masaa 24 baada ya hiyohiyo ya kwanza; zinazobaki hufuatana kila masaa 12. Aliyeanza Jumatatu saa 2 usiku lazima aamke saa 10 alfajiri ya Jumanne, na atamaliza Alhamisi saa 2 asubuhi. Akiambiwa "siku tatu, asubuhi na jioni", dozi ya alfajiri itasubiri kukuche, na Jumatano usiku atahesabu siku zimekwisha huku vidonge 4 vimebaki.

Kadi za upasuaji nazo husema "usile usiku wa Jumanne". Mzee wa Pwani anayeanza siku magharibi atauelewa kuwa usiku wa kuamkia Jumanne. Kijana atafunga siku moja baadaye. Iandikwe "usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne". Na "7:00" isiachwe peke yake, maana wapo watakaofika saa 7 mchana.

Anayetegesha kengele ya simu kwa dozi ya saa 8 mchana aongeze 6: ni 14:00. Ya saa 10 alfajiri apunguze 6: ni 04:00.

Mfamasia,
Tanga